Chupa Arobaini na Saba za Kuloba

Mmeniuliza sana, kila mmoja kwa wakati wake, kwa nini mwaka huu sina mvinyo, na kwa nini nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba chupa tupu kama muokota taka. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, mpokezane, na tafadhali msome mpaka mwisho, maana mwisho unamhusu mmoja wenu.

Mafubira, kabla ya kuondoka

Kazi ninayofanya nyuma ya nyumba yangu hapa Mafubira mnaijua, lakini niwakumbushe, kwa kuwa wengine mkishakunywa hamkumbuki kitu. Natengeneza mvinyo kidogo kidogo, mitungi michache ya kioo, kwa zabibu za shamba moja tu. Sichanganyi. Zabibu za huku Jinja huiva kwa pupa. Joto huzijaza sukari na kuzinyang'anya ule uchachu unaoufanya mvinyo usimame mdomoni. Juu ya Mbale, kwenye ubavu wa mlima ambako watu huvaa makoti mpaka saa nne asubuhi, zabibu hujichukulia muda wake. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye vilima vya Taita, baridi naijua na naipenda. Huko juu kuna kipande kimoja chenye mistari kumi na moja ya mizabibu, alichokipanda mzee aliyeitwa Kuloba. Mzee alishakufa. Mjane wake, ambaye kila mtu humwita Kukhu, yaani bibi, ndiye anayeniuzia zabibu.

Mavuno yaliyopita yalinipa mvinyo mzuri hata nikaringa. Nikaona shamba la namna ile linastahili jina lake kwenye chupa. Nikachapisha vibandiko: KULOBA, kwa herufi kubwa, na chini yake mchoro wa mlima. Chupa arobaini na nane. Sikumuuliza mtu. Niliona ni heshima ninayowapa.

Kisha ikaja simu ya Nambozo, mkwe wa Kukhu, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kiume.

"Mama, mtoto halali," aliniambia. "Siku ya tisa leo. Ananyonya mara mbili, anaachia, analia. Kliniki wamemupima, hawaoni kitu."

Nikaanza kutoa ushauri wa tumbo na maji ya moto, mnanijua. Akanikatiza kwa upole. Kwao, alisema, jina la marehemu halikai bure, linatafuta mtoto wa kukaa naye. Mtoto hulia mpaka atajiwe jina la yule aliyemjia, na likitajwa lenyewe hunyamaza. Huyu alikuwa ametajiwa majina yote ya ukoo. Walipomtaja Kuloba alinyamaza, akageuza uso kuutazama mlango kama anayesubiri mtu aingie, halafu akaanza tena.

"Sasa shemeji yangu alikuja huko Jinja kwa kazi," akaendelea. "Akakaa kwa hoteli moja ya kando ya mto. Akaona. Akarudi akamwambia Kukhu, mzee yuko mezani Jinja, watu wanamunywa."

Nikakitazama kibandiko kimoja kilichokuwa kimebaki mezani.

"Kukhu anasema urudishe jina. Chupa yote, yenye mvinyo na yenye haina. Na zabibu usikuje kukata mpaka jina lirudi."

Niwaambie ukweli, nilikasirika. Zabibu zilikuwa zimeiva, hazikuwa na zaidi ya wiki moja na nusu mtini, na mimi naambiwa habari za majina. Nilikaa na hasira yangu mpaka jioni. Halafu nikamkumbuka mtoto anayetazama mlango, na hasira ikaisha, ikabaki baridi fulani mgongoni ambayo haijatoka hadi leo.

Nikaanza kuzisaka chupa. Hotelini walinipa walizokuwa nazo, tupu na zilizojaa. Familia moja ya Kalasinga wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini walikuwa na tatu, na bibi yao aliyamwaga mafuta ya haradali yaliyokuwa ndani mbele yangu bila kuniuliza sababu. Kule Masese nilimkuta mama muuza samaki ametia mafuta ya taa kwenye mbili. Nyinyi nanyi mlinipa zenu, pamoja na utani wenu. Zikafika arobaini na saba, saba kati yake zikiwa bado hazijafunguliwa.

Ya arobaini na nane ilikuwa mezani kwangu, kwenye baraza, siku ya kuzaliwa kwangu mlipokuja nyote. Ilikuwa imejaa na kizibo chake. Mlipoondoka haikuwepo. Nimemuuliza kila mmoja wenu, na kila mmoja amesema hapana.

Basi nikafanya jambo ambalo sikutaka kulisema. Nilichukua chupa nyingine ya umbo lilelile, nikaijaza mvinyo wa zabibu za Jinja nilionunua mjini, nikaipiga kizibo, na asubuhi ya safari nikaibandika kibandiko kilichokuwa kimebaki. Kwa macho haikuwa na tofauti yoyote. Nikajiambia bibi wa mlimani hawezi kujua.

Barabara ya Tirinyi

Dereva alikuwa Mzee Ramadhani, Mnubi wa hapa Jinja, ambaye babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudani na ambaye huzungumza Kiswahili bila kukionea haya. Alipoona makreti alisimama mikono nyuma.

"Mama, mimi hapana beba pombe."

"Nyingi ni tupu, mzee."

"Na zile si tupu?"

"Hizo nitazipakia mwenyewe, na nitazishusha mwenyewe. Wewe usiziguse."

Nilipomwambia kuna mtoto mchanga anazisubiri, alishangaa, kisha akafungua mlango wa nyuma na kugeukia pembeni nilipokuwa napakia.

Gari lilinuka mafuta ya taa na haradali, tukafungua madirisha. Tulipoiacha Iganga na kushika barabara ya Tirinyi, upepo ukaanza kuingia kwenye midomo ya zile chupa arobaini tupu. Zikatoa sauti. Haikuwa ya kutisha mwanzoni: mvumo mnene, mtu anayeimba huku amefunga mdomo. Mzee Ramadhani aliangalia nyuma kwa kioo.

"Ni upepo tu," nikasema, na nikapandisha madirisha yote.

Mvumo uliendelea. Sikuhesabu ni kwa muda gani, ila tulipita shamba zima la miwa na soko dogo kabla haujakoma.

Karibu na Namutumba tairi ikapasuka. Mzee alipokuwa anahangaika na jeki, mimi nilinunua chapati na mayai kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga kando ya barabara. Alinikunjia zangu vizuri, na nyanya na kitunguu juu. Alipoleta chenji mpaka garini, alisimama karibu na mlango wa nyuma, akainamisha kichwa.

"Huyo mwenye anaimba, hatakula?"

Nilimwambia hakuna mtu. Akacheka kidogo kwa adabu, kama mtu anayedhani unamfanyia uchoyo mgonjwa wako, akaniongezea chapati moja bila malipo na kurudi kwenye karai lake. Ile chapati sikuila. Niliiweka juu ya makreti, nikaona aibu kwa kuiweka, na sikuiondoa.

Kwenye madaraja ya kinamasi cha Mpologoma, ambako mpunga umeenea pande zote mbili mpaka macho yachoke, kulikuwa na kizuizi cha polisi. Afande mrefu, mtaratibu, aliinama dirishani.

"Mama, munabeba nini?"

"Chupa, afande."

"Waragi?"

"Mvinyo, si pombe kali. Na nyingi ni tupu."

Watu wakinisikia na Kiswahili changu cha moja kwa moja hudhani mimi ni mtu wa serikali, au mke wa mkubwa wa jeshi. Na siku nyingine huwa sikatai. Huyu hakutishika. Alifungua nyuma, akatoa chupa moja, akaisoma polepole midomo ikitembea. Nikajua kwa sura yake kwamba ni mtu wa mlimani.

"Huyu," akasema, "munamupeleka wapi?"

Ningeweza kucheka na kumsahihisha. Lakini alikuwa ameshavua kofia.

"Nyumbani kwake," nikamjibu.

"Amekaa wapi siku yote hii?"

"Jinja."

Akatikisa kichwa, akairudisha chupa kwa mikono miwili, kibandiko kikitazama juu. Aliiona chapati, hakuuliza. Akaenda upande wa dereva.

"Mzee, washa taa. Hii si safari ya kukimbia."

Tukaenda kama kilomita moja.

"Mama," akasema Mzee Ramadhani, "wewe uliniambia chupa."

"Ni chupa."

"Afande ametoa kofia."

Alisoma dua yake kwa sauti ya chini, akawasha taa mchana kweupe, na kutoka hapo mpaka Mbale alikwenda mwendo wa msiba. Waliotupisha walikuwa wengi. Waendesha bodaboda walishuka pembeni na kusimama. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alizitua chini, akangoja tupite. Mimi nilikaa mbele na mkoba mapajani, nikiwa na chupa moja ya uongo katika msafara ule, nikatamani ardhi ya Tirinyi inimeze.

Mbale

Tulifika mjini mchana. Mzee alikwenda kuswali, mimi nikaagiza malewa kwenye mkahawa unaotazamana na genge la Wanale, ule ukuta wa mwamba wenye maporomoko membamba yanayoshuka juu ya mji. Malewa ni machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Siku nyingine huwa naomba sahani ya pili. Siku hiyo nilikula huku nimeligeukia gari.

Nilipokwenda kukagua, nilikuta vizibo vimepanda. Chupa saba zilizojaa, kila moja kizibo chake kilikuwa kimetoka kiasi cha unene wa kidole. Mvinyo ule ulishatulia miezi mingi. Hauna cha kuchacha tena. Joto la gari, mtasema, nami nilisema hivyohivyo. Ila ya nane, ile ya Jinja, ilikuwa kwenye kreti lilelile na imepata joto lilelile, na kizibo chake hakikusogea. Nilivisukuma vile saba kwa dole gumba kimoja kimoja, navyo vikashuka bila ubishi.

Kupanda

Gari lilikomea mahali ambapo barabara inageuka mawe. Nambozo alikuwa anatungoja pamoja na wanawake wawili wa nyumbani, wana vikapu, ukungu umewafunika mpaka kiunoni. Watu wale huwa wakarimu kupita kiasi. Nikifika huulizwa habari za safari, za nyumba, za kuku wangu. Siku hiyo walinipita. Walizisalimia chupa kwanza, kila kikapu kilipojaa, kwa kupiga goti kidogo, ndipo Nambozo akanipa mkono. Alikuwa amekonda, macho mekundu kwa kukesha.

Mzee Ramadhani alisema atabaki na gari. Kisha akavua viatu, akavivaa tena, akabeba kreti moja la chupa tupu bila kuambiwa na kuanza kupanda.

Tulimsikia mtoto kabla hatujaiona nyumba. Kilio chake kilikuwa kikavu, cha mtu mzima aliyechoka.

Njia inapita katikati ya mizabibu. Nilisimama, sikuweza kujizuia. Zabibu zilikuwa nyeusi, zimejaa, ngozi zimeanza kulegea; siku mbili au tatu zaidi zingeanza kudondoka. Niliinua kichala kimoja, kisha kingine, nikaenda mstari mzima. Wakati kama huo ndege huwa wameshakula robo. Sikuona tundu hata moja. Chini ya mizabibu hapakuwa na unyoya wala kinyesi.

"Hawashuki hapa," alisema Nambozo nyuma yangu. "Tangu mtoto azaliwe."

Beseni

Kukhu alikuwa ameketi uani, mtoto amelazwa pembeni yake juu ya mkeka, na mbele yake beseni kubwa la bati lenye maji ya uvuguvugu. Ni mwanamke mfupi, mkavu, na siku zote tumezungumza kupitia kwa Nambozo. Siku hiyo aliniambia kwa Kiswahili.

"Mimi najua hii lugha. Nilifundishwa na askari. Walikuwa nasema leta, lala chini, toka. Sipendi kuisema." Akanyoosha mkono. "Leo mimi nasema kwako. Leta."

Nikaanza kumpa. Aliniambia, sasa kupitia kwa mkwewe, kwamba wazee hawakuwaachia desturi ya chupa, kwa kuwa hakuna mwendawazimu aliyewahi kulitia jina la mtu kwenye chupa. Kwa hiyo watafanya wanavyoweza. Nilistahili.

Alizamisha chupa ya kwanza, akaiacha kidogo, akaanza kukwaruza kibandiko kwa kucha. Gundi ilikuwa imekaa miezi na miezi, kibandiko kilishika, kikatoka vipande vipande. Kila kilipomalizika alilitaja jina mara moja, akachota maji ya beseni kwa kiganja na kumpaka mtoto. Zilizojaa alizifungua kwanza, akamimina mvinyo kwenye udongo chini ya mzabibu wa kwanza. Sikusikitika hata kidogo, nami najua ulivyokuwa mzuri.

Chupa ya kumi, kilio kilipungua. Ya ishirini, mtoto akawa anakwama katikati ya pumzi, kama anayesikiliza. Ya thelathini Nambozo alimpa titi akanyonya kwelikweli, tukasikia anameza. Nambozo alilia bila sauti. Mzee Ramadhani, aliyekuwa amesema habebi pombe, alikuwa akinipokeza chupa moja moja na kusema bismillahi kwa kila moja. Ya arobaini na saba, mtoto alikuwa amefumba macho.

Nikabaki na ile yangu mkononi.

Ningeweza kusema zimekwisha. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini walikuwa wameambiwa arobaini na nane, na mimi ndiye niliyewaambia kwa majivuno yangu, siku nilipowatangazia mavuno yametoa ngapi. Nikampa.

Kukhu aliitumbukiza majini. Kibandiko kiliteleza chote mara moja, kizima, kikaelea juu ya maji na jina lake limetazama angani. Gundi ya asubuhi ileile. Hakukigusa. Alikitazama, akanitazama, na sikuhitaji Nambozo anitafsirie.

"Moja imepotea," nikasema. "Iliondoka nyumbani kwangu. Sijui nani anayo. Nilidhani hamtajua. Nisamehe, mama."

Nilitegemea afoke. Alitoa kile kibandiko kwa vidole viwili, akakiweka juu ya jiwe kikauke, akaniambia neno fupi kwa lugha yao.

"Anasema angalia mtoto," alisema Nambozo.

Mtoto alikuwa amelala. Kifua kilipanda na kushuka taratibu, titi limemtoka mdomoni, mkono umelegea. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa. La kushoto lilikuwa wazi, limetulia, linautazama mlango wa ua tuliouingilia. Nambozo alilifumba kwa kidole, polepole. Likafumbuka tena. Mtoto hakuamka.

Nilikaa chini palepale uani. Sijawahi kuona aibu na hofu vikikaa mahali pamoja namna ile.

Zabibu hatukukata. Kukhu hakunikemea, alisema tu zitangoja mpaka mwenyewe afike kamili, na kwamba chupa zilizooshwa watazitumia kuwekea asali. Alitupa chai ya maziwa na ndizi za kuchoma, akamshukuru Mzee Ramadhani kwa kumshika mikono yote miwili. Mimi aliniaga kwa kichwa.

Kurudi

Tulilala Mbale, tukaondoka asubuhi. Gari lilikuwa tupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelifagia, nikatoa makreti na vipande vya chapati. Madirisha tuliyafunga kwa sababu ya mvua.

Baada ya kuupita mji wa Tirinyi ukaanza. Ule mvumo mnene, wa mdomo uliofungwa, lakini sasa mwembamba, wa chupa moja.

"Mama, umesahau moja nyuma?"

"Hakuna kitu nyuma, mzee."

Alisimamisha gari, akashuka kwenye mvua, akafungua, akaangalia hata chini ya tairi ya akiba. Akarudi ameloa. Tukaendelea. Haukuongezeka wala kupungua Namutumba, wala Iganga. Ulipoanza kuongezeka ilikuwa tumeingia Mafubira. Mzee alipunguza mwendo bila kuambiwa. Tulipofika kwenye ile njia yetu ya mchanga yenye miti ya mijakaranda, mnayoijua kwa kuwa watatu kati yenu mnakaa hapo, mvumo ulipanda mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka chini ya kidole changu. Halafu ukakatika.

"Nyumba gani?" aliuliza Mzee Ramadhani.

Nilimwambia sijui. Ni kweli, sijui. Ningeweza kugonga milango mitatu, lakini nilishawauliza mara ya kwanza na nyote mkaapa, na sitaki kumlazimisha mtu aape tena juu ya jambo hili.

Nambozo hunipigia kila Jumamosi. Mtoto ananyonya, anaongezeka, wanamwita Kuloba na anageuka. Analala. Jicho la kushoto bado liko wazi. Zabibu, amesema juzi, hazijadondoka hata moja, ingawa wakati wake umepita mno, na ndege bado hawashuki.

Basi wewe uliyeichukua. Sitauliza kwa nini. Labda ulitaka kunitania, labda uliupenda tu. Usiifungue. Usilisome jina kwa sauti. Iweke kwenye ngazi ya mlango wangu wa nyuma wakati nikiwa sokoni, na mimi na Mzee Ramadhani tutaipeleka siku hiyohiyo, na taa zimewashwa.

Na kama umeshainywa, lete chupa, na uje na wewe. Nimemuuliza Kukhu. Amesema beseni lake linamtosha mtu mzima.